Mwito wa Tatu

Nilipokuwa mtoto pale Songo, nyanya yangu alinikataza kuitika jina langu upesi. Sauti ya mtu usiyemwona uso, alisema, iache iite mara tatu. Kitu kibaya huita mara mbili tu. Kikijibiwa, kinaondoka nawe. Nilimwamini kabisa. Hata mwalimu aliyesoma majina huku amegeukia ubao nilimngojesha, na fimbo nikaipata.

Adhuhuri moja nilikuwa peke yangu uani nikichambua ndagala, dagaa wa kwetu, natoa mchanga na vijiwe. Nyanya alikuwa amepanda shambani, mlimani nyuma ya nyumba, kuchuma sombe, majani ya muhogo. Nikasikia, "Neema." Sauti ilikuwa nyembamba, inafanana na yake lakini si yake. "Neema." Nikaziba mdomo kwa viganja vinavyonuka samaki, nikangoja mwito wa tatu. Haukuja. Nikajiona mjanja.

Jirani ndiye aliyemkuta nyanya saa kumi, ameteleza mtaroni, mguu umevunjika. Pumzi ilimtosha kuita mara mbili tu.

Alipofungwa mguu nilikaa kando ya kitanda chake nikilia.

"Ulinisikia?" akauliza.

"Nilikusikia, koko. Uliita mara mbili."

"Ulifanya muzuri. Ata kama ni minye, koko yako, usiitike." Kisha akageukia ukutani.

Mguu ule haukunyooka tena. Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinisamehe, na sikuthubutu kumuuliza.

Sasa ninaishi Kasenga na nina maoni ambayo watu hawayataki: simu imetuzoeza kuitika kila sauti isiyo na uso, na siku hizi mashine zinaiga hata sauti ya mwanao. Wananicheka, eti mama wa zamani. Wacheke. Simu yangu ikilia naiacha ikatike, ilie tena, ikatike, ndipo nishike ya tatu. Binti yangu Aline, anayesoma Bukavu, amechoka nami.

"Mama, minye niko napiga, weye unaangalia telefone tu. Siku ingine nitakuwa na shida."

Juzi alipiga mara mbili, kisha kimya. Nikasikia harufu ya ndagala viganjani, na ndagala sikuwa nimegusa. Nikampigia hapo hapo. Alikuwa jikoni kwake, anataka kujua sombe inaiva baada ya muda gani. Nilimweleza polepole, ili nisilie.

Sauti zisizo na uso bado siziamini. Lakini sauti ikinyamaza baada ya mwito wa pili, naamka kwenda kumtafuta aliyeita.