Wimbo wa Mlango wa Turubai

Mimi na baa hatujuani. Nimelelewa kanisani, na mambo ya vilabu alikuwa akiyajua marehemu mume wangu kwa niaba yetu sote wawili. Kwa hiyo Jumapili ile nilipojikuta nasukuma mlango wa baa pale Lidcombe, hapa Sydney, mchana kweupe, nimevaa sare yangu ya kutunza wazee yenye doa la supu kifuani, si kiu iliyonipeleka.

Nilikuwa natoka kazini kurudi nyumbani Mount Druitt. Treni zilikuwa zimekatizwa, kama zilivyozoea kutufanyia wikiendi, tukaambiwa tutoke nje tungoje mabasi. Nimesimama kwenye foleni, miguu inawaka moto, nikasikia gitaa ng'ambo ya barabara. Kisha sauti ya kiume ikaimba:

*Mlango wangu wa turubai,*
*ukiugonga haulii.*
*Niite, niite,*
*majirani wasikie.*

Nikaiacha foleni. Ule ni wimbo wa mume wangu. Aliutunga kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, mwaka tuliooana, amekalia dumu la maji, na gitaa lake alilolitengeneza kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Mimi nilikuwa nachambua maharage ya mgawo. Aliniuliza, "Niseme 'haulii' au 'hausikiki', lipi tamu?" Nikamwambia litakalokuwa tamu ni yeye kwenda kuchota maji. Akacheka, akachagua lile la kwanza, na maji nikachota mwenyewe.

Mle baani watu walikuwa wachache. Wazee kadhaa walikuwa wanabonyeza mashine za kamari, wengine wanakula chipsi, na kwenye kona kijana mmoja wa Kikongo, shati limenyooka kwa pasi, anaimba wimbo wetu vizuri kabisa. Sikuwa nimeusikia tangu tumzike mwenyewe. Nilitaka kupiga vigelegele. Halafu akamaliza, akawaambia wale Wazungu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba huu ni wimbo wa jadi kutoka kambi za wakimbizi, wa zamani sana, na hakuna ajuaye aliyeutunga.

Ebo! Wa jadi? Mtunzi amelala ng'ambo ya reli pale pale Lidcombe, kwenye yale makaburi makubwa, udongo haujatulia vizuri!

Nilimngoja apumzike, nikamfuata. Kijana alikuwa na adabu. Alinipa kiti, akaniagizia soda, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Pole, mama," akasema. "Lakini hii wimbo tuliikuta tu. Mama yangu aliiimba, nyanya yangu vilevile. Haina mwenyewe."

Akanieleza utaratibu wao. Kumbe baa zinalipia muziki, na kila mwanamuziki anaripoti kwenye simu nyimbo alizoimba na jina la aliyetunga kila mmoja, ili mwenye haki apate mirabaha yake. Nyimbo zake kijana anaandika jina lake. Wimbo wa turubai aliuandika wa jadi, na wa jadi hauna wa kulipwa. Yeye mwenyewe hakuwa anapata hata senti kwa wimbo huo. Nilikuja nimejiandaa kupigana na mwizi, nikakuta mtoto mwaminifu. Hasira ikakosa pa kukaa.

Wala si senti niliyoifuata. Nilichotaka ni jina la mume wangu likae pale panapoandikwa mtunzi. Mtu aliyetutungia wimbo uliochezwa harusi zote za kambi, leo aitwe hakuna ajuaye?

"Basi andika jina lake," nikamwambia.

Akakuna kichwa. "Mama, usikasirike. Kuna baba mmoja wa Macquarie Fields anasema iko ya mjomba wake. Kuna mwingine anasema ni ya kwaya yao. Nikiandika jina, ni mimi naapa. Uko na ushahidi?"

"Ushahidi gani? Nikuletee cheti cha ubatizo wa wimbo?"

Akacheka, kisha akafikiri. "Watu wote wanajua beti mbili. Yule mwenyewe angejua kitu chenye sisi hatujui."

Nikamuaga, nikaondoka. Kwa sababu kipo.

Ili mnielewe, lazima niwaambie kambini tuliishije. Tulichangia kila kitu: bomba, choo, foleni, hata ugomvi, maana turubai halizuii neno. Na kama wimbo unavyosema, mlango wa turubai haugongeki. Mgeni anasimama nje anakuita, na mtaa mzima unajua umepata mgeni. Mume wangu akirudi kupiga gitaa hakuniita. Alikohoa. Kikohozi kimoja kikavu, na mimi ndani nilijua ni yeye, kati ya vifua vyote vya kambi ile vilivyojaa vumbi. Nilifungua bila kuuliza. Ndipo akatunga ubeti wa tatu, akauimba kana kwamba yeye ndiye mimi niliyeko ndani:

*Wewe usiite, kohoa,*
*kikohozi chako nakijua.*
*Hata kambi nzima ikohoe,*
*kikohozi chako nakijua.*

Huo hakuupeleka kilabuni. Alisema beti mbili ni za watu, wa tatu ni wa nyumbani. Ni kitu pekee nilichowahi kumiliki kambini bila kuchangia na mtu. Mwishowe kifua ndicho kilichomwondoa, hapa hapa Sydney, na hata siku zile za hospitali nilikuwa nikitoka kwenye lifti namsikia akikohoa, najua yupo.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Nikampigia binti yangu, anaishi Brisbane. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: imba tu, Mama, kuna ubaya gani, si ni kwa faida ya Baba? Nilishindwa kumweleza. Ningemwambia nini? Kwamba jioni, nikishakula peke yangu na kuosha sahani yangu moja, ubeti ule ndio mazungumzo yangu? Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula.

Lakini kilio huanza mfiwa. Nisiposema mimi kwamba alikuwepo, nani atasema? Jumapili iliyofuata nikashuka tena Lidcombe. Kijana alinitoa nje, kwenye kiuwanja cha wavuta sigara, nikamwimbia sikioni, polepole, mkono wangu umeshika ukuta.

"Hii hakuna mtu anaijua," akasema. "Iko ya mwenyewe kabisa."

Akatoa simu, akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi. Nikaliona likiingia pale penye mtunzi, majina yake yote matatu. Jamani, nililia mbele ya wavuta sigara bila aibu. Mambo ya mirabaha na mirathi binti yangu angeyashughulikia. Mimi nilikuwa nimeshashinda.

"Rudi Jumapili, mama," kijana akaniambia. "Nitaiimba yote."

Nikarudi. Nilivaa kitenge, nikaketi mbele kama mama wa bwana harusi. Akalitaja jina la mume wangu kwenye kipaza sauti, na akalitamka sawasawa. Watu wakapiga makofi. Beti mbili za kwanza nikaimba naye.

Ukaja wa tatu. Akawafafanulia wale Wazungu maana yake, akaimba *wewe usiite, kohoa*, kisha akakohoa ndani ya kipaza sauti. Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, mwanamuziki yeyote angefanya vile. Akawanyooshea mkono, na wao wakakohoa. Akaimba tena, wakakohoa tena, safari hii baa nzima, wazee wa kamari, mhudumu mwenye trei, wanagonga meza na kukohoa na kufurahi. Na mimi katikati yao nimekaa na kitenge changu, nasikiliza kila kikohozi kimoja kimoja, natafuta.

Nilitaka kusimama nimwambie anyamaze. Lakini nilimpa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wimbo ulipokwisha alinitazama kwa furaha, kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri ya mtihani, nami nikampigia makofi. Nilimwambia, "Asante, mwanangu, umemfufua." Nikamwachia soda yangu sijaimaliza.

Kwenye treni nilijaribu kuuimba moyoni. Maneno yalikuja yote, ila kwa sauti ya yule kijana, na kilipofika kikohozi, kikaja kicheko cha watu. Nilijaribu hadi Mount Druitt, hakuja mume wangu hata mara moja.

Nyumba yangu ina mlango wa mbao mzito na kengele ya umeme ambayo hakuna anayeibonyeza. Nilisimama nje, ufunguo mkononi. Nikakohoa, kikohozi kimoja kikavu. Nikangoja kidogo, halafu nikajifungulia mwenyewe.