Mende Weupe wa Baba

Baba alifanya kazi ya kuchagua mbegu za ngano kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Mbeya. Kazi yake ilikuwa kutazama masuke, moja moja, na kuyatenga yaliyokuwa bora. Macho yalipoanza kuingia ukungu, alificha kwa msimu mzima. Msimu uliofuata aliambiwa arudi nyumbani.

Tulikuwa wawili tu, mama alikwisha kufariki. Baba alishinda jikoni karibu na moto, mikono imelala mapajani. Siku moja niliua mende, nikasema kwa sauti kwamba huyu alikuwa na rangi ya ajabu, kama chai ya maziwa.

"Usiwaue tena wa namna hiyo," Baba akasema. "Niletee."

Nilidhani anatania. Kumbe kweli. Tulitafuta bati la biskuti, tukatoboa matundu kwenye kifuniko, tukapaka mafuta ndani ya ukingo ili wasipande. Tuliwalisha pumba na maganda ya ndizi, na bati tukaliweka karibu na mafiga, maana mende hawastahimili baridi ya Mbeya. Walipozaa, kazi yangu ikawa kuchagua. Waliofifia rangi walibaki, weusi niliwapa kuku.

"Asikudanganye aliyetoka kujivua gamba," alinionya. "Huyo huwa mweupe kwa muda tu. Msubiri akauke, ndipo umhukumu."

Nilimwuliza anawatakia nini.

"Nataka mmoja awe mweupe kiasi cha mimi kumwona."

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Kila uzao ulififia kidogo, mara nyingine ulirudi nyuma, nasi tukaanza tena na wachache. Kisha asubuhi moja, penye mwanga mkali wa mlangoni, nilimweka mmoja juu ya kitambaa cheusi mbele yake. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akanyoosha kidole.

"Yule pale! Anakwenda kulia!"

Ni kweli, alikuwa anakwenda upande wa kulia. Sijawahi kumwona mtu mzima akicheka vile huku machozi yanamtoka.

Mwaka huohuo, mwezi wa sita, kaka yake alituita tukaishi kwake karibu na Kalenga, Iringa, huko kwa Wahehe wenzetu. Baba alinikabidhi bati. "Lishike mapajani, ulifunike kwa blanketi," aliniambia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Basi lilijaa watu, na mama mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza mle ndani kuna nini kinachokwaruza. Niliona haya. Tuliposimama njiani nilimpa utingo bati, akalifunga juu pamoja na mizigo mingine. Baba hakujua.

Basi liliharibika Makambako, tukalala hapo. Kulipopambazuka majani ya kando ya barabara yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Utingo aliponishushia bati, nilifungua upande mmoja wa kifuniko. Walikuwa wamelala chali, wote. Nikawapulizia pumzi, nikalikumbatia bati kifuani mpaka Iringa. Hakuna aliyetikisika.

"Wanaendeleaje?" Baba akauliza tulipofika.

"Wazima, Baba."

Jikoni kwa baba mkubwa mende walikuwa tele, weusi tititi. Nilikamata ishirini nikawatia batini. Nilijiambia nitamweleza kesho, na kesho yake nikajiambia hivyohivyo.

Baada ya wiki mbili aliomba kitambaa. Nilimweka mende juu yake, mweusi juu ya cheusi. Baba akainama, akatafuta, akageuza kichwa huku na huku.

"Umemweka?"

"Nimemweka."

Akajaribu tena siku ya pili, na ya tatu. Kisha akakikunja kitambaa taratibu.

"Basi, macho yamekwisha kabisa," akasema.

Tangu siku hiyo aliacha kwenda kisimani peke yake. Alimpa ndugu yake kisu chake cha kazi. Alianza kupapasa ukuta hata mchana, mahali ambapo wiki iliyopita alipita bila kuugusa. Nami niliona yote hayo nikanyamaza miezi minne.

Siku aliyosema, "Wamwage tu hao, hawana kazi tena," ndipo nilipopiga magoti nikamwambia: bati juu ya basi, sakitu, mende wa jikoni.

"Wote walikufa?"

"Wote, Baba."

"Hata yule wa kitambaa?"

"Hata yeye."

Aliomba kitambaa. Nikaweka punje ya mchele juu yake. Aliinama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Hakuiona. Katika miezi ile ya uongo wangu macho yalikuwa yamekwisha kweli, na sikuweza kumrudishia hata siku moja kati ya hizo alizojiona kipofu kabla ya wakati.

Hakunigombeza. Ila kabla ya hapo mimi ndiye niliyemsomea Biblia na barua za ndugu. Baada ya hapo alimsubiri baba mkubwa arudi kutoka shambani, hata kama barua ilifika asubuhi. Nilipoolewa aliniwekea mkono kichwani na kunibariki kama baba yeyote. Mwaka aliougua nilikwenda kumwuguza, nikamwomba msamaha tena.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akageuzia uso ukutani apate kulala.

Tulimzika juma lililofuata.