Filamu ya parokia ilikuwa kinyume

Leo mutu wa kompyuta aliniambia kwamba mi sikubatizwa.

Bila karatasi ya ubatizo wangu, mutoto wangu hatabatizwa Jumapili. Donc nikamubeba mugongoni mupaka parokia, kwenye kompyuta inayoonyesha kurasa za vitabu vya zamani vya ubatizo, zilizopigwa picha kwenye filamu.

Karani wa kompyuta hiyo akakaza macho kwenye kioo. "Mama, hii ni Kilatini. Jina lako haliko."

Kilatini gani? Mi nauza vitenge Goma, najua kitambaa kilicholala kinyume, maandishi yake yanageuka.

"Muheshimiwa, geuza filamu. Maandishi yanaanzia mwisho."

"We umesoma wapi?"

Akageuza, apate kunicheka.

Jina langu likatokea, na la mama yangu kando yake.

Karani akanipa karatasi bila kuniangalia. Eti mashine ndiyo ilikosea.

Bon, na filamu ilijiweka yenyewe? Mujibu nyinyi.