Mji wa Kufikia Milimani

Juzi, kwenye basi la Alexandria, huku ughaibuni, mbele yangu waliketi mama wa Kizanzibari na bintiye. Binti, simu mkononi, alikuwa akichagua mji wa kufikia likizoni: kila asubuhi watoke kutembelea milima ya Alps, jioni warudi hapohapo.

"Innsbruck, Mama. Treni nyingi, na msikiti upo."

Mama akautazama mji ule kwenye simu. "Na makaburi ya Waislamu?"

"Mama! Ten days tu!"

"Mimi na baba yako tulikuja hapa kwa miaka miwili," alisema mama, akimtengeneza binti mtandio. "Na hapa ndipo tulipomzika."

Binti akaanza kutafuta upya.

Mimi nilikuja kwa mwaka mmoja. Huu ni wa kumi na tisa, na sijauliza makaburi yako wapi.