Tisa Iliyojaa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, katika nyumba ya mayatima karibu na mji wa Nyeri, nilikuwa nambari kumi. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapigania uhuru. Baba alipelekwa kizuizini asirudi. Mama akafia kwenye handaki tulilolazimishwa kuchimba kuzunguka kijiji. Cucu, nyanya yangu, hakuwa na cha kunilisha. Alinifikisha langoni na onyo moja.

"Hata mbuzi hatuwahesabu, sembuse mtoto! Wa kumi akitajwa, kifo husikia. Badala ya kumi, sisi husema tisa iliyojaa. Umesikia, mami?"

Nilisikia. Lakini Matroni, mama mmoja kutoka Kakamega, hakujua habari hizo. Kila asubuhi, kabla ya uji, alipita mstarini akituhesabu, akitugusa vichwa kwa kidole. Kumi ilitua kwangu. Siku ya nne nikamgeukia Nyawira, aliyesimama nyuma yangu, mdogo kuliko mimi.

"Pita mbele. Huko uji bado ni moto."

"Ati leo uko na huruma? Na jana ulininyang'anya blanketi!"

Akacheka, akapita. Kidole kikamgusa. "Kumi!"

Mwezi haukuisha kabla surua haijaingia bwenini. Nyawira alibebwa akiwa amefungwa kwenye lile blanketi. Kesho yake mstari ulisogea, pengo likazibwa, na hakuna aliyetaja jina lake. Matroni alihesabu tu, na kumi ikarudi kichwani mwangu. Nililia mpaka akaniuliza, "Wewe, unaumwa wapi?" Ningemwonyesha wapi?

Leo niko chuo kikuu, na kwenye midahalo sishindwi kirahisi. Nipe dakika tano nikuthibitishie kwamba Nyawira aliuawa na surua, na njaa, na watoto watatu kulala kitanda kimoja. Kwamba waliotufanya mayatima ndio hao hao waliojisifu kutuhifadhi, wakidhani mtoto akishiba uji amelelewa. Yote hayo ni kweli, na nitayasema popote. Lakini hakuna hata moja linalofuta kwamba niliamini kifo kinakuja, nikamweka mwenzangu njiani.

Na bado naendelea. Penye mlango wowote, penye foleni yoyote, mkono wangu humgusa aliye nyuma yangu mgongoni kabla sijafikiri: "Pita mbele."

Wenzangu hunisifu. Wanasema inaonekana nimelelewa vizuri.