Mama Upindo, Aliyekataa Kujutia Wema

Alizaliwa chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga unga, mwaka ule mvua ziligoma kukatika, na wanasema alikuwa mweupe pe kwa vumbi la unga kabla hata hajaoshwa. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemfundisha kwamba nguo ya mtoto uiachie upindo mpana, yaani kitambaa cha kutosha kilichokunjwa chini kwa ndani, ili mtoto akirefuka nguo ishushwe. Mafundi wengine wakacheka, eti mama huyo anafuja kitambaa, wakamwita Mama Upindo, na binti akalirithi jina pamoja na cherehani. Binti huyo ndiye mtakatifu wetu. Hakuna aliyemtangaza bado, sawa, watatangaza wakipata nafasi.

Wito wake haukuja na malaika. Akiwa msichana aligombana na mama yake, akaondoka nyumbani kwa hasira, na mama akafa kabla hawajapatana. Hiyo ikamtafuna. Mwenyewe alisimulia kwamba kila akienda kuungama alirudia ile ile, mpaka padri, mzee asiye na subira hata kidogo, akamkatiza: "Binti, hiyo tulishaimaliza. Mungu kaisamehe, wewe unamfukulia ya nini? Nenda kafanye kazi!" Akatoka analia na kucheka kwa pamoja. Tangu siku hiyo akishatubu dhambi harudi nyuma kuinusa.

Parokia ikampa chumba kando ya kanisa ashonee, na aliyemwombea ni kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa parokia. Humo akamchukua kijana aliyefungwa kwa wizi, mwembamba mpaka wakamwita Sindano. Akamfundisha kazi, akamlisha, akampa ufunguo. Kaka akasema, "Dada, huyo atakuliza." Na kweli, alimliza. Wiki ya kufungua shule Sindano akatoweka na majora yote ya kitambaa cha sare, na wazazi wakajaa mlangoni wanafoka. Mwingine angekaa chini ashike tama. Yeye akajifunga kibwebwe, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sare alizozishona mwaka uliopita, akafumua upindo, akashusha, akapiga pasi. Wadogo wakarithi za kaka na dada zao. Shule ikafunguliwa na hakuna mtoto aliyebaki nyumbani kwa kukosa sare. Chini ya kila sketi na kaptura palikuwa na mstari wa rangi mpya, ile ambayo jua halijawahi kuigusa. Hata wale wa "anafuja kitambaa", wajukuu wao walikuwa na mstari.

Kaka hakuridhika. Jumapili baada ya misa akamsimamisha mbele ya watu.

"Sema tu unajuta kumwamini yule mwizi, iwe fundisho. Ukisema, chumba kinabaki chako."

"Kaka, kitambaa nimekililia. Wazazi nimewaomba radhi, maana ufunguo nilitoa mimi. Lakini kumpenda yule mtoto? Sijuti."

"Dada, usinitie aibu. Neno moja tu!"

"Dhambi zangu nimezitubu zote. Sasa unataka nitubu na wema? Huo Yesu hajaniambia niutubu. Shika ufunguo wako."

Nyuma mtu akapiga makofi. Kaka akaupokea ule ufunguo. Siku hiyo hiyo cherehani ikahamia kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe. Mvua ikija anaivuta ndani, ikikatika anaitoa. Akaja kijana mwingine kutoka jela, naye akampa mkasi. "Mama, wewe hukomi?" walimuuliza. "Nikome nini?" Wakaja na wengine; wapo waliokaa, wapo waliokimbia. Sindano hajarudi mpaka leo, hajatuma hata salamu, na kila jioni Mama Upindo alimtaja kwenye sala, kwa jina lake halisi, si lile la utani.

Kifua kilipomzidia alijishonea mwenyewe nguo ya kuzikiwa. Wifi yake, mke wa yule kaka, akaigeuza, akaona upindo mpana wa kiganja kizima.

"Wifi! Upindo wote huu? Kwani utarefuka kaburini?"

"Nani kakwambia nahamia kaburini? Nakwenda kwa Baba yangu. Mtoto akiwa kwa baba yake anakua." Akakohoa, kisha akacheka.

Alifariki alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka. Walipomvika ile nguo, upindo ukaonekana mzito miguuni, mwanamke mmoja akashika mkasi aupunguze. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. "Weka mkasi chini," akasema. "Uacheni kama alivyouacha yeye." Kisha akatoka barazani alikokuwa amekaa yule kijana wa jela aliyepewa mkasi, kando ya cherehani, akatoa mfukoni ufunguo wa kile chumba, akamwekea mkononi.

Basi tumuige. Umekosa? Tubu, inuka, usirudi kufukua. Umependa ukaibiwa? Lia, futa machozi, penda tena. Na wakija kukusimamisha mbele ya watu ujute, wape ufunguo wao, kisha nenda kaendelee kushona barazani.