Rubani Aliyejifunza Kungoja Jibu

Wasomaji wangu, Jumanne tulimzika jirani yangu wa mtaa wa Bel-Air hapa Lubumbashi, rubani mstaafu. Miaka mingi aliendesha ndege ndogo kati ya jiji letu na Pweto, kule ziwani, akirudi na harufu ya samaki wakavu isiyotoka hata kwenye koti lake la harusi. Nilimpenda mzee yule, na kila nikipita kibaraza chake kitupu moyo unaniuma.

Aliudhika kusikia watu wakisema "niko mu pilote otomatike" wakimaanisha kwamba wanaishi bila kufikiri. Kwake otopailoti ilikuwa mtambo wa heshima: huishika ndege kwenye njia na kimo ulichoamuru, ili rubani apate nafasi ya kutazama mawingu na mafuta. "Ile mashini hailalake," aliniambia. "Ni rubani njo analalaka."

Alijua alichosema. Alipostaafu tu, mkewe alifunga mizigo. "Kila mangaribi unaniulizaka 'Uko aje?', lakini haungojake jibu," alimwambia. "Siku utangoja, niko kwa dada yangu Kipushi."

Angani mzee hakuwahi kusinzia. Nyumbani alikuwa amelala miaka na miaka. Alikunywa chai peke yake siku kadhaa, akaogopa kwamba amempoteza kweli. Kisha akaenda Kipushi, akaketi mbele ya mkewe, akauliza, "Uko aje?" Akangoja. Mama akazungumza mpaka chai ikapoa. Ndipo mzee alipojua jinsi mkewe alivyokuwa akitetemeka kila ndege ilipochelewa. Jioni ile walirudi pamoja, na tangu hapo niliwaona kibarazani kila siku, mmoja akisema, mwenzake akisikiliza.

Mazoea yana taabu. Siku hizi tunaulizana hali huku tukitazama simu, tunatoa pole kwenye kilio huku macho yakitafuta kiti kivulini. Zamani mtu alisimama barabarani akauliza habari za nyumba nzima. Najua jiji lina haraka na kazi inachosha. Lakini mtambo hushika njia tu, na kumpenda mtu ni kazi ya rubani mwenyewe.

Jana nilikwenda kumsalimu mjane.

"Muko aje, mama?"

"Tuko bien, papa."

Mkono wangu ulikuwa tayari unaaga. Nikamkumbuka mzee. Nikavuta kiti, nikaketi, nikauliza tena, nikangoja.

"Ile koti yake ya ndoa," mama akaanza, "bado inanuka samaki."